Mkono wa Baba Ndani ya Kompyuta

Jumanne, 4 Julai 2006

Nimechagua maharagwe, nimeloweka mahindi, na bado mlio wa uzi ni ule ule. Tangu asubuhi. Ting. Ting. Ting. Nekesa amekaa mbele ya kompyuta na kofia ya baridi kichwani, anasikiliza mlio mmoja kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nimemuuliza kama hajachoka. Akasema, "Mum, uzi ukiguswa polepole, sauti haipungui tu. Inakuwa pia na uvivu kidogo." Nikarudi kwa mahindi yangu.

Mtu atamwelezea nani kitu kama hicho? Alimaliza kozi ya kompyuta mwaka jana. Nilidhani ni ofisi. Nilidhani sketi nzuri, meza, na simu ya kupokea kwa Kizungu. Wenzake wamepata. Yeye yuko hapa mtaa wa Satellite kwa chumba, anatengeneza muziki na hakuna mtu anayepiga chochote.

Leo kwa kibanda changu cha chakula mteja mmoja ameniuliza msichana wangu siku hizi yuko wapi. Nikasema yuko na mambo ya kompyuta. Halafu nikakoroga githeri ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Naona haya. Mtoto ni wangu na ninamwonea haya. Hiyo siwezi kuambia mtu.

Alhamisi, 6 Julai

Leo sijui nianzie wapi.

Jumamosi iliyopita akina mama wa kwaya walikuja hapa kurekodi. Nekesa alisimamisha magodoro mawili kwa ukuta, akaning'iniza blanketi kwa mlango, tukaimba ule wimbo wetu wa Kibukusu wa mavuno tukibanana kama vikombe kabatini. Sauti tu. Akasema vyombo ataweka yeye.

Leo amenivalisha vile vitu vya masikio. Nikasikia sisi tukiimba. Halafu nyuma yetu, litungu, ile ala ya nyuzi ya kwetu.

Nilivivua kwa masikio nikaangalia mlango. Haki nilidhani Baba ameingia.

Baba yangu alipiga litungu hadi mwaka ule alipokufa. Dole gumba lake la kulia lilikuwa limejeruhiwa na panga alipokuwa kijana, kwa hivyo lilifika kwa uzi likiwa limechelewa kidogo. Kila mara. Watu wa kwetu walimjua hata wakiwa ng'ambo ya mto, kwa huo uchelewaji. Na huo uchelewaji uko ndani ya kompyuta.

Nikalia. Nekesa akaogopa, akaniletea maji. Halafu akaanza kunielezea, polepole, maana anajua niliishia darasa la tano.

Litungu lenyewe ni lile kuukuu la Baba. Krismasi huko Bungoma Nekesa alilirekodi, lakini hakurekodi wimbo. Alirekodi uzi mmoja mmoja, polepole, kati, kwa nguvu. Ni milio tu, haina maana, kama punje za mahindi kwa gunia. Kinachozipanga kinaitwa midi. Midi yenyewe haina sauti hata kidogo. Ni maagizo. Uzi huu, sasa, kwa nguvu hii, uachie hapa. Ni kama vile mimi humpigia jirani simu nikichelewa: weka chumvi, punguza moto, funika. Sufuria haiko kwa simu. Lakini chakula kitatoka.

"Sasa kwa nini watu wanasema hiyo muziki ni mbaya?" nikamuuliza.

"Kwa sababu watu wanaagiza kila kidole kiguse sawasawa, Mum. Hakuna mtu ako hivyo. Mtu anachelewa, anaharakisha, anachoka. Ukisema yote hayo, kompyuta inasikia. Ni sisi huwa wavivu wa kusema."

Alimkumbuka babu yake kidole kwa kidole. Kwa kila ubeti amechosha mkono kidogo, maana Baba alichoka. Sijui nilizaa mtu wa aina gani.

Ninaogopa. Sijui naogopa nini.

Jumapili, 9 Julai

Nimefanya kitu kibaya. Wacha niandike kabla sijaanza kukipamba.

Wimbo ulipigwa kanisani kwa spika, ndio watu wausikie kabla ya kaseti kutengenezwa. Wamama walipiga vigelegele. Mama Simiyu, huyu wa kwetu Bungoma, alisimama akatingisha mabega hadi kitambaa kikaanguka. Hata Mzee Josphat, mzee wa kanisa, alipiga makofi. Na huyo ndiye alisema juzi kwa matangazo kwamba kanisa zingine siku hizi wanapigiwa na mashine, ni kama kumsifu Mungu na simu inayoita. Watu walicheka siku hiyo. Mimi pia nilicheka.

Tukiwa nje Mama Wambui, mwenyekiti wa kwaya, akanishika mkono mbele ya wote. "Mama Nekesa, wee! Ni nani huyo alipiga hiyo kitu?"

Nekesa alikuwa ndani akikunja nyaya. Mzee Josphat alikuwa amesimama hapo akisubiri jibu. Mdomo wangu ukasema, "Ni ndugu yangu Wafula. Alikuja kutoka Bungoma."

Wafula! Wafula anatengeneza baiskeli. Hajawahi kushika litungu hata kuliondoa njiani.

Mtoto akatoka na nyaya begani, akitabasamu, akidhani wanampongeza. Na hakuna aliyempongeza. Walimwambia, "Mwambie mjomba hongera," lakini wengi walisema pamoja, hakusikia vizuri. Akasema asante.

Alisema asante.

Jumatano, 12 Julai

Uongo wangu umeota miguu. Mama Simiyu amekuja kwa kibanda hapa Dagoretti Corner wakati watu ni wengi. Wamama wameketi wakaamua. Mgeni aliyewapigia vizuri hivyo hawezi kurudi Bungoma bila kuchinjiwa kuku. Wanakuja kwangu Jumapili ya tarehe ishirini na tatu. Wataleta jogoo, majani ya chai, sukari, na leso ya kumvalisha. "Na firigisi ni yake," akasema, maana kwetu huliwa na mwanamume tu. "Sisi watu wa kwetu tunajua mambo."

Nikasema Wafula ana shughuli nyingi. Akasema basi nimwandikie mapema. Nikasema ana mgongo. Akasema wataombea mgongo.

Pia kaseti inachapishwa karatasi ya juu. Mama Wambui ameuliza jina la Wafula linaandikwaje. Nikamtajia. Herufi kwa herufi nikamtajia, kama mtu aliyerogwa.

Nilipofika nyumbani Nekesa alikuwa amenipikia ugali. Sikuweza kumwangalia usoni. Nikamwambia ni moshi wa kibanda machoni.

Ijumaa, 14 Julai

Leo ni nafuu kidogo. Nilipokuwa nakanda unga simu ililia. Nikaibana kwa bega, mikono yote unga. Bwana mmoja wa studio mjini, pale River Road, anaitwa Oloo. Nekesa alimwachia sidii ya ule wimbo na kumwandikia namba yangu kwa sababu simu yake imeharibika.

Akauliza kama mimi ndiye mama. Akauliza, kwa heshima, kama ni kweli hiyo litungu ni midi vile msichana anasema.

Nilijua lile neno. Nilimkumbuka Mzee Josphat na simu inayoita. Nikasema ndani yangu, huyu anataka kumdharau mtoto. Nikasema kwa nguvu, "Hapana, baba! Hiyo ni litungu halisi. Imepigwa na mtu, ndugu yangu. Hakuna mashine hapo."

Akacheka. "Nilijua tu. Midi haiwezi kupumua hivyo. Asante sana, mama."

Chapati zilitoka laini leo. Nimemtetea mtoto wangu.

Jumatatu, 17 Julai

Nimemmaliza.

Nekesa alienda mjini asubuhi amevaa ile blauzi ya kuhitimu. Sikujua anaenda wapi. Kumbe yule Oloo alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kwa hiyo kompyuta ya studio, wa kutengenezea waimbaji vyombo. Alikuwa amemwambia: kama kweli hii ni midi na umeifanya wewe, kiti ni chako. Ndio maana alipiga simu. Alikuwa anauliza tu kama msichana ni mkweli. Na mimi nikamjibu kwamba ni mwongo.

Alimwambia mbele ya vijana waliokuwa wanasubiri kurekodi. "Mamako mwenyewe amesema ni mjomba. Si ungesema tu ukweli, siste?" Vijana wakacheka. Mmoja akamwambia amsalimie Uncle.

Amerudi akaniuliza swali moja. "Mum, Uncle Wafula ameingilia wapi?"

Nikamwambia yote. Kanisani, Mzee Josphat, kuku, karatasi ya kaseti. Nilingoja apige kelele. Alienda akachomoa kompyuta kwa ukuta, akaifunika na shuka ya zamani kama vile hufunikwa maiti, akatoka kuanika nguo.

Ningependa angenitukana.

Jumanne, 18 Julai

Hajala. Nyumba imenyamaza. Nilikuwa nachukia ule mlio mmoja.

Jumatano, 19 Julai

Nilifunga kibanda nikaenda mjini peke yangu. Nimepanda zile ngazi za River Road nikipita fundi wa saa na mama wa wigi, nikauliza mpaka nikafika. Mlango umebandikwa trei za mayai za kuzuia kelele, ndani pia. Bwana Oloo ni kijana tu, nilidhani ni mzee. Alinipa kiti.

Nikamwambia nilidanganya. Wafula hajui litungu. Ni Nekesa, ni midi, ni maagizo, ni milio ya Krismasi. Nilisema vyote vile nilivyokumbuka, hata habari ya dole gumba.

Alinisikiliza. Halafu akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo mbaya kuliko kicheko. "Mathe, pole. Lakini Ijumaa ulisema hivi na leo unasema vile. Mama yeyote atatetea mtoto wake. Hata wangu angekuja."

Angeniamini kwa nini? Uongo aliuamini mara moja. Ukweli umefika umechelewa na umevaa kama uongo.

Akasema kama ni kweli, aje afanye mbele yake. Nikamshukuru mara nyingi kupita kiasi. Yule mama wa wigi aliniuliza kama nimefiwa.

Nilipomwambia Nekesa alisema, "Sitaenda kupimwa kama mwizi." Akageukia ukuta.

Ijumaa, 21 Julai

Nilitaka kumpigia Wafula aje Jumapili. Aje tu, ashike litungu la Baba, aseme mkono unauma. Nilikuwa nimeshika simu tayari.

Nimeandika hili ili nisijidanganye kwamba sikuliwaza. Niliwaza kumleta ndugu yangu mzima kutoka Bungoma kuja kukaa juu ya jina la mtoto wangu.

Sikupiga.

Jumapili, 23 Julai

Walikuja. Kumi na zaidi, wakiimba kutoka kwa geti, Mama Simiyu mbele na jogoo kwapani. Mama Wambui ameshika leso kwa mikono miwili. Vyombo vya kukalia havikutosha, wengine wakakaa kwa kitanda.

Wakauliza mgeni yuko wapi.

Nilisimama kwa mlango. Nikasema, "Wafula hayuko. Hajawahi kuwa hapa. Litungu mliyosikia ni Nekesa alifanya kwa kompyuta. Niliwadanganya kwa sababu niliogopa mtacheka mtoto wangu."

Jogoo peke yake ndiye aliyesema kitu.

"Kwa hivyo," Mama Wambui akasema polepole, "tumeombea mgongo wa nani?"

Mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, lakini Mama Simiyu hakucheka. Alikasirika kweli. Alisema nimemfanya atingishe mabega mbele ya kanisa kwa ajili ya redio. Alisema kwetu hatufanyi hivyo. Kila neno lake lilikuwa haki yangu. Nililipokea nimeangalia chini.

Halafu Nekesa akatoka nyuma ya pazia. Nilidhani anaenda nje. Akavuta ile shuka kwa kompyuta. "Keti, Mama Simiyu. Imba kitu. Chochote. Usichague rahisi."

Mama Simiyu aliimba kwa hasira, wimbo wa harusi, haraka haraka, akitaka kumshinda. Nekesa akafuata kwa kibodi yake ndogo ya muziki. Kikatoka kitu cha ajabu, kikavu, tinga-tinga-tinga.

"Hiyo ni simu, wacha nipokee!" Mama Wambui akaweka kiganja kwa sikio. "Halo? Wafula?" Wakaanguka wakicheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Nekesa akavuta kiti karibu. Akaanza kazi. Hapa akashusha nguvu. Hapa akasogeza uzi ukachelewa kidogo. Akamwomba Mama Simiyu aimbe tena, akamtazama anavuta pumzi wapi, na mahali hapo akaacha nafasi. Akabadilisha, akapiga, akabadilisha. Chai ilichemka ikanywewa. Taratibu kicheko kikapungua. Sijui ni wakati gani hasa kilikwisha. Najua tu kwamba niliangalia nikaona mabega ya Mama Simiyu yameanza, na yeye mwenyewe hakuwa amegundua.

Wimbo ulipokwisha aliuliza, kwa sauti ndogo, "Na huyo aliyepiga ni nani?" Alikuwa amekaa hapo. Alikuwa ameona kila kitu kikifanywa. Na bado aliuliza.

"Ni mimi," Nekesa akasema.

Tulichinja jogoo. Wakati wa kupakua Mama Wambui, ambaye ni Mkikuyu na hana habari na mambo ya kwetu, alichukua firigisi akaiweka kwa sahani ya Nekesa. Mama Simiyu akashtuka. Mwanamke! Firigisi! Tukamwangalia. Akafikiri. Akasema, "Basi ale. Lakini asiambiwe mzee wangu." Leso pia akavalishwa yeye.

Karatasi za kaseti zilikuwa zimeshachapishwa. Mama Wambui amesema zitafutwa jina la Wafula kwa kalamu, moja moja, na mwenye kuzifuta ni mimi.

Nekesa alicheka na wote. Na mimi hajacheka bado.

Jumatano, 26 Julai

Ameamua mwenyewe kwenda River Road. Sikumwomba. Tumebeba pamoja, yeye ile kasha ya kompyuta ndani ya leso, mimi kibodi. Tulipofika chini ya ngazi akachukua kibodi mkononi mwangu.

"Ngoja hapa, Mum. Usipande."

Nikangoja. Niliketi kwa kreti ya soda karibu na muuza betri. Sikusikia kitu, magari ni mengi. Nilitaka kupanda niseme neno moja tu. Nilijishikilia kwa kreti. Sikujua mdomo wangu ni mgumu kuuzuia hivyo.

Alishuka baada ya muda mrefu. Oloo alimpa wimbo wa mtu asiyemjua, akakaa nyuma yake akiangalia kila kidole, na alipomaliza akawaita wale vijana wasikilize. Ataanza Jumatatu. Mwezi wa kwanza wa kujaribiwa.

Nilimkumbatia hapo hapo barabarani. Aliniruhusu. Halafu akasema, bila ubaya, akipanga leso, "Namba ya simu nimewaachia ya Mama Wambui."

Nikasema ni vizuri. Ni vizuri kweli. Lakini kutoka mjini hadi nyumbani ilikuwa inanichoma.

Jumatatu, 31 Julai

Ametoka asubuhi na baridi. Nilimfungia chapati mbili. Nimefuta majina ya Wafula yaliyobaki, mkono unauma. Githeri imeisha mapema.

Amerudi jioni na mkate. Siku ilikuwa sawa, amesema. Tulikunywa chai. Akaniuliza kama Babu alikuwa anaimba wakati wa kupiga litungu, au alikuwa ananyamaza na kuachia wengine. Alikuwa ananiuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nilikuwa na jibu zuri karibu, lingemfurahisha. Nikaliacha.

Nikamwambia sikumbuki.

Akaitika, akanikatia kipande cha mkate.